Uani Tabata: shajara ya bustani ya ndoo na viroba

Jumamosi, 10 Februari 2024

Tumeanza. Nyuma ya nyumba yetu ya vyumba sita, hapa Tabata, Dar es Salaam, kuna kieneo cha hatua kumi na mbili kwa saba ambacho miaka yote kimekuwa jalala la heshima: friji bovu, matairi mawili, mabati ya banda la kuku ambalo hakuna anayekumbuka kuku wake. Chini ni saruji tupu, isipokuwa kona moja karibu na ukuta ambako saruji imebomoka na mchanga unaonekana. Mama mwenye nyumba tulimwamkia, tukamweleza, akatutazama mmoja mmoja. "Fanyeni wanangu, ila nisione nyoka."

Tuko wanne. Mimi naandika kwa sababu daftari ni langu. Mwalimu anafundisha sayansi shule ya msingi na hawezi kupita karibu na kitu bila kukipima. Fundi ni mchomeleaji. Dada Saluni ndiye ambaye dirisha lake linatazamana na uani, kwa hiyo tukiharibu ataona yeye kwanza. Majina tunayo, lakini hapa mtaani hakuna anayeyatumia.

Vyombo: ndoo za rangi za lita 20, kumi na nane, Fundi kazitoa kwa mafundi rangi wenzake, nyingine bure na nyingine buku mbili. Viroba vya salfeti kumi na vinne. Madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa ubavu, sita. Matairi mawili. Na friji, tumelilaza chali, mlango tumeung'oa. Jumla 41.

Mpango ni nyanya. Nyanya ndiyo inayotuuma sokoni, ikipanda bei hata mchuzi unageuka rangi. Mwalimu kapiga hesabu kwa chaki ubavuni mwa friji: ndoo 18, mche mmoja kila ndoo, kilo tatu kila mche. Kilo 54. Tukaishangilia hiyo 54 kama imeshaingia jikoni.

Jumamosi, 17 Februari

Siku ya udongo, na mgongo wangu unaijua. Mchanga wa hapa unapitisha maji kama kifumbu, ukimwagilia asubuhi saa nne pakavu. Kwa hiyo tumenunua udongo wa juu kwa kijana wa mkokoteni, tukachanganya madebe mawili ya udongo, debe moja la samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza, na nusu debe la maganda ya mpunga ili usishikane.

Kulikuwa na samadi ya kuku pia. Dada Saluni aliinunua kwa jirani anayefuga, viroba viwili, akaileta kwa furaha. Mwalimu akazamisha mkono ndani ya kiroba, akautoa haraka. "Gusa." Tukagusa wote. Ni ya moto, kama chungu kilichotoka kuepuliwa. Samadi ya kuku mbichi ukiiweka kwenye mche inaunguza mizizi, basi tumeirundika pembeni na majani makavu, isubiri wiki sita. Dada Saluni kanuna kidogo, na dirisha lake kalifunga kwa sababu ya harufu. Haki yake.

Fundi katoboa ndoo kwa nondo ya moto. Hakutoboa kitako. Katoboa ubavuni, vidole viwili kutoka chini, ili maji kidogo yabaki ndani kama akiba. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Viroba vina utaalamu wake. Unachukua kopo kubwa la maziwa lisilo na kitako wala kifuniko, unalisimamisha katikati ya kiroba, unalijaza kokoto, unazunguka nje yake na udongo, kisha unalivuta juu kwa taratibu na kujaza tena. Ukimaliza una mnara wa kokoto kutoka chini hadi juu na maji yanashuka humo mpaka kwenye mizizi ya chini. Kiroba changu cha kwanza nilivuta kopo kwa pupa, mnara ukaanguka. Cha pili pia. Cha tatu kimesimama kama askari.

Mbegu: nyanya aina ya Tengeru 97, tumeziatika kwenye trei za mayai. Mchicha tumechanganya na mchanga mkavu kabla ya kumwaga, maana mbegu zake ni ndogo kama vumbi na zinamiminika zote sehemu moja. Na papai. Hilo halikuwamo kwenye mpango, tulikuwa tunakula papai wakati wa kupumzika, Fundi akasema mbegu hizi zinatupwa za nini. Tukazisugua na majivu kutoa ule utelezi, tukazitia kwenye viriba vitano, vile vimfuko vya kuoteshea miche.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya 21. Mchicha umetufikia magotini. Tumeng'oa iliyosongamana, tukaacha mingine ipate nafasi, tumepata mafungu saba. Usiku vyumba vinne vimenukia mchicha wa nazi.

Miche ya nyanya 18 imehamia kwenye ndoo jioni, jua likishapoa.

Jumamosi, 23 Machi

Ramadhani imeingia karibu wiki mbili sasa, na tatizo halisi la mradi huu limejitokeza, nalo si la kilimo.

Maji. Bomba la mtaa linatoka siku mbili kwa wiki, wiki nyingine halitoki kabisa. Tunanunua kwa muuza maji, dumu la lita 20 shilingi 300. Mwalimu kapima: kila chombo kinataka lita moja na nusu asubuhi na kiasi hicho hicho jioni kwa joto hili. Vyombo 41, lita 123, madumu sita na kidogo. Shilingi 1,800 kwa siku. Kwa mwezi 54,000. Wote tukaangalia ubavu wa friji ambako ile 54 nyingine bado imeandikwa.

Mchicha tunaokula haufiki thamani ya 54,000 hata tukiula na asubuhi.

Zamu nazo zimevurugika. Tulipanga kila mtu siku zake. Lakini jioni ya mfungo, saa kumi na mbili, mwenye zamu yuko jikoni na uji na tambi, au yuko kwenye daladala anaombea foleni iishe. Jumanne hakuna aliyemwagilia. Jumatano kila mmoja alidhani mwenzake kamwagilia. Alhamisi nyanya zimeinamisha vichwa kama watoto waliokosea. Kuna maneno yalisemwa baina ya Fundi na Mwalimu ambayo sitayaandika, maana daftari hili Mama mwenye nyumba analisoma.

Suluhu imetoka pasipotarajiwa. Mzee wa chumba namba mbili hutawadha uani kwa birika mara tano kwa siku, maji yake yanakwenda mferejini. Jana kamwuliza Dada Saluni, "Binti, maji yangu haya hayana sabuni. Yanafaa?" Sasa anatawadhia pale kwenye kona iliyobomoka, ambako tumepandikiza miche mitatu ya papai katika shimo moja. Tangu hapo na sisi tumekusanya: maji ya kuoshea mchele, ya kuosha mboga, ya kusuuza vyombo kabla ya sabuni. Kila chumba kina ndoo mlangoni. Tumepunguza ununuzi hadi madumu matatu.

Na tumeacha kumwagilia juu juu. Ile ya kunyunyiza majani na kusikia raha ni ya picha. Sasa ni kopo, chini, kwenye shina, polepole, halafu tunafunika udongo kwa nyasi kavu na maganda ya mpunga.

Jambo dogo: bibi wa nyumba ya jirani katupitishia juu ya ukuta fungu la marando ya matembele. "Chomekeni tu, wajukuu." Tumechomeka ukutani, kwenye viroba vilivyobaki na hata kwenye ufa wa saruji. Bila samadi, bila sherehe.

Jumapili, 14 Aprili

Idi imepita, masika imekaa. Fundi kafunga gata upande wa nyuma wa paa na kulileta kwenye pipa la lita 200. Mwalimu kafurahi kuliko wote, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Upande ule wa paa una mita za mraba 20 hivi, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inajaza pipa. Ilinyesha usiku mmoja, pipa likajaa na kumwagika, na sisi tulikuwa tumelala. Tumeongeza la pili. Juu tumefunga chandarua kikuukuu, maana Dar hii ukiacha maji wazi unafuga mbu wa dengi, na mwaka 2019 ugonjwa huo ulitupitia wengi.

Nyanya zina maua mengi mazuri, na yanadondoka. Asubuhi unayakuta chini kama punje za njano. Mwalimu anasema ni joto la usiku, nyanya hutaka usiku wa baridi ndipo ua lishike, na sisi hapa mwezi wa tatu usiku ulikuwa wa kulala bila shuka. Halafu majani yana njia nyeupe nyeupe ndani yake, kama mtu kachora kwa kucha. Kantangaze, kiwavi anayetoboa njia ndani ya majani ya nyanya. Tumetwanga majani ya mwarobaini, tumeyaloweka usiku kucha, tumechuja na kutia sabuni ya mche kidogo, tumepuliza jioni. Imepunguza. Sitasema imemaliza.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatangaza tangu wiki hii, boti za Zanzibar zikasimamishwa, na mtaani kila mtu akawa mtaalamu wa vimbunga. Jana jioni tuliingiza ndoo zote za nyanya ndani. Ndiyo, ndani. Chumbani kwangu nililala na ndoo saba, nikiamka usiku nagonga jani. Viroba tulivifunga kamba pamoja kama mateka. Friji halikuhitaji kufungwa.

Leo kinasemekana kimetua Mafia na kupungua nguvu. Kwetu imekuwa upepo na mvua ya kutosha, gata moja limeng'oka, madumu mawili yamepatikana kwa jirani. Matembele yaliyoachwa nje hayana habari. Yamelala upande mmoja tu, yakaanza kutambaa huko huko.

Jumamosi, 18 Mei

Nyanya zinakufa.

Ilianza mmoja, ndoo ya tano. Mchana umenyauka, jioni umeinuka, kesho umenyauka na haukuinuka, na majani bado ya kijani. Siyo kiu, udongo umelowa. Tukadhani ni maji mengi. Kisha wa nane, wa tisa, wa kumi na mbili.

Mwalimu akaomba glasi. Dada Saluni akatoa glasi yake ya wageni, ile yenye maua. Akaijaza maji safi, akakata kipande cha shina la nyanya iliyokufa karibu na mizizi, urefu wa kidole, akakining'iniza kwa uzi ili mkato uguse maji tu, bila kutikisa. Tukainama wanne, vichwa vimegusana. Dakika moja, hakuna kitu. Dakika ya tatu hivi, kutoka kwenye mkato, uzi mweupe ukashuka. Mwembamba, kama moshi wa udi unaoanguka badala ya kupanda. Halafu mwingine. Maji chini ya glasi yakaanza kuwa kama ya kuoshea mchele.

"Mnyauko bakteria," kasema Mwalimu, sauti ile anayotumia kusoma matokeo ya mtihani.

Hauna dawa. Unaishi kwenye udongo. Nikamfuata kijana wa mkokoteni, sikwenda kwa ugomvi, nikamwuliza udongo ule aliuchota wapi. Bondeni, pale wanapolima biringanya na nyanya chungu, na hizo ni ndugu wa nyanya, ugonjwa wao mmoja. Hakutudanganya, sisi hatukuuliza. Tulipenda weusi wake.

Tumeng'oa miche 13. Tumeichoma, haikuingia kwenye rundo la mboji. Udongo wa ndoo zile tumeutenga na ndoo tumezisugua na jiki. Humo hatutapanda tena nyanya, biringanya, hoho wala pilipili. Glasi Dada Saluni kasema tubaki nayo.

Mitano iliyobaki tunaiangalia kama wagonjwa.

Jumamosi, 29 Juni

Mavuno ya nyanya, yote, kwa mzani wa duka la kona: kilo mbili na robo. Tumefanya kachumbari moja ya watu tisa na pilau. Hesabu ya ubavuni mwa friji imefutwa, hatukumwona aliyefuta.

Wakati huohuo tangu mwishoni mwa Aprili tunachuma matembele kila baada ya siku nne tano, na mavuno yake sijawahi kuyaandika hapa hata mara moja. Nimerudi nyuma kwenye daftari kutafuta na sioni. Nyanya kurasa kumi na moja, matembele mistari mitatu. Ukichuma ncha, yanachipua mawili. Tumegawa kwa vyumba vyote sita, tumempelekea bibi ya kwake, na Mama Ntilie wa njia panda kachukua mafungu kwa shilingi 500 kila moja, ambayo ndiyo inayonunua maji sasa. Dada Saluni anayapika na nyanya ya sokoni na nazi, hamumunyi maneno: "Ya kwenu ningesubiri?"

Jumamosi, 10 Agosti

Fundi katoka Morogoro, alikwenda maonesho ya Nane Nane. Ukweli alikwenda kupanda treni ya umeme, Nane Nane ilikuwa kisingizio. Nauli 13,000, hata saa mbili hazikufika, na katika dakika arobaini za kwanza za maelezo yake hakukuwa na mmea wowote.

Lakini kwenye banda moja alimweleza bwana shamba habari zetu. Bwana shamba kacheka, kamwuliza kwa nini tunang'ang'ania nyanya masika, Dar, kwenye ndoo. Nyanya wanazolima watu wa Ilula kule Iringa na Mgeta milimani Morogoro zinalala kwenye baridi. "Nyie limeni kinachopenda jasho." Karudi na mbegu za bamia na mlenda, na neno hilo la jasho, analirudia kila siku.

Bamia tumeziweka kwenye friji. Baada ya wiki mbili friji litaonekana kama sanduku la mti wa sikukuu.

Kona ya mzee: mipapai mitatu imetoa maua. Hapa ndipo unapojua una nini, kabla ya hapo ni kubahatisha. Miwili maua yake yamekaa karibu na shina, manene, yana kitoto cha papai ndani. Wa tatu umetoa vijiti virefu vinavyoning'inia, vimejaa viua vyembamba. Dume. Fundi akaenda kuchukua panga. Mzee akatoka chumbani na birika lake, akasimama mbele ya mpapai.

"Ukimkata huyu, hawa watazaa na nani?"

Tumemwacha. Shimo moja, miti mitatu, imebanana, kitaalamu si sawa. Lakini nani atamwambia mzee.

Jumapili, 13 Oktoba

Mama mwenye nyumba anataka kujenga vyumba viwili na choo uani. Kaja na fundi wake, wakapiga mistari ya chokaa. Mstari umepita katikati ya viroba, juu ya friji, na ukapita mkono mmoja tu kutoka kwenye mipapai. Hatukubishana. Nyumba ni yake, na kodi yetu haikuwahi kuwa na shamba ndani yake. Kamwambia Mwalimu, kwa upole kabisa, "Mwanangu, mboga nazipenda, lakini mboga hailipi ada."

Tumekaa jioni tukahesabu nini kinahama. Ndoo zinahama, ndio uzuri wa ndoo. Viroba ukivibeba wawili wawili kwa turubai vinahama. Friji lenye bamia halihami. Mipapai haihami.

Mzee hajasema kitu. Kaendelea kutawadhia palepale.

Jumamosi, 28 Desemba

Papai la kwanza. Lilianza mstari wa njano chini, karibu na kitako, Jumatano ya Krismasi. Dada Saluni alitaka tulichume siku hiyohiyo, Mwalimu akasema hadi njano ifike robo, tukakaa tunalinda mti dhidi ya popo na watoto wa chumba namba tano. Leo asubuhi tumelichuma. Kilo moja na gramu 300, mzani uleule wa duka la kona. Limekatwa vipande tisa. Mzee kala chake kwa kijiko, polepole, mbegu akazitenga kwenye kisahani.

Matofali yameshushwa wiki iliyopita, yamepangwa juu ya mstari wa chokaa. Msingi haujachimbwa, fundi wa Mama anasubiri saruji, au hela, mambo hayo mawili huwa ni moja. Ndoo 11 tumeshazihamishia upande wa mbele chini ya dirisha langu, viroba vya matembele tumevipeleka kwa bibi wa jirani, ambaye kasema ukuta wake ni mrefu na hautumii. Bamia zimebaki kwenye friji mpaka mtu atakapokuja kulibeba.

Zamu ya Jumatatu ni ya Fundi. Nimemwandikia ukutani kwa chaki.